Kumbukumbu za Nyumba: Tununue Flashi Ipi, na Tuitunze Vipi?

Mwezi huu safu yetu haitazungumzia uji wa lishe wala homa za watoto. Tutazungumzia kitu kidogo kama kidole, ambacho siku hizi kimo katika mikoba ya akina mama wengi pamoja na leso na Biblia. Kitu hicho ni flashi. Tutamzungumzia pia ndugu yake mkubwa, hadi diski ya nje, ambayo vijana wetu huiita ekstenali.

Huenda mwingine atauliza, mambo haya ya mafundi yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Tangu zamani mama ndiye mtunzaji wa kumbukumbu za nyumba. Mama zetu waliweka vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki na picha za harusi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na mtoto alipotakiwa cheti shuleni, mama alijua pa kukitafuta. Leo picha ya harusi haina karatasi tena. Sauti ya kwaya, video ya kipaimara, vyeti vilivyopigwa picha, hata hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, vyote vimo ndani ya simu au flashi. Sanduku limebadilika, lakini mtunzaji ni yule yule. Kwa hiyo hatuna budi kulijua sanduku letu jipya.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa machozi, nasi tunaona ni vema tuwasimulie.

KILICHOTUPATA

Katika usharika wetu hapa Karatu alikuwepo bibi mmoja aliyekuwa mzee kuliko akina mama wote. Hatutamtaja jina, tutamwita Bibi tu. Aliikumbuka siku baba yake alipobatizwa. Alijua nyimbo za Kiiraqw ambazo vijana wetu hawazijui. Alijua pia namna ya kupatanisha mume na mke bila kupaza sauti. Tukaona si vema hazina ile yote iende kaburini. Kwa Jumamosi 6 mfululizo tulikwenda kwake na mkate na sukari, tukakaa jikoni, mwenzetu mmoja akaiweka simu yake juu ya kinu kilichofunikwa, na Bibi akasimulia. Kila Jumamosi alizungumza kama saa nzima, na Kiswahili kilipomchosha alirudi kwenye Kiiraqw.

Simu ikajaa. Mmoja wetu alipokwenda mnadani akaiona flashi imeandikwa GB 512, na bei yake ilikuwa chini ya bei ya doti ya khanga.

"Shikamoo mama. Hiyo utaingiza mpaka uchoke mwenyewe."

"Marahaba. Una hakika, mwanangu?"

"Mama, nakuuzia kama mzazi wangu."

Tukainunua na kumshukuru Mungu kwa kutuonyesha kitu cha bei nafuu. Tukanakili Jumamosi 2 za kwanza za Bibi, kisha video ndefu za tamasha la kwaya na za semina ya wanandoa, kisha Jumamosi 4 zilizobaki. Tuliangalia orodha, tukaona majina yote 6 yapo pamoja na tarehe zake. Tukafuta kwenye simu ili kupata nafasi.

Bibi alilala katika Bwana wakati wa Kwaresima. Usiku wa kuamkia mazishi, watoto wake walituomba tuwasikilizishe sauti ya mama yao. Tukaichomeka flashi kwenye spika. Jumamosi ya kwanza ilifunguka, na nyumba yote ikanyamaza. Ya pili ikafunguka. Ya tatu ikakataa, na ya nne, ya tano na ya sita zikakataa vilevile. Binti yake mkubwa alituuliza kwa upole, "Ile ya tatu ndiyo aliyoeleza habari za mdogo wetu aliyefariki?" Ndiyo ilikuwa hiyo. Hatukuwa na la kumjibu.

Baadaye fundi mmoja aliichunguza flashi ile, akakuta kwamba ndani yake mlikuwa na nafasi ya GB 8 tu. Tulimwuliza kama anaweza kuirudisha sauti iliyopotea. Akasema, "Mama, haikupotea. Haikuingia kabisa."

KWA NINI FLASHI HUDANGANYA

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta hupima nafasi ya flashi yenyewe. Sivyo. Kompyuta huiuliza flashi, "Una nafasi kiasi gani?" nayo hujibu kwa namba iliyoandikwa ndani yake na mtengenezaji. Mtu asiye mwaminifu huweza kuibadilisha namba hiyo, ili flashi ya GB 8 ijibu kwamba ni ya GB 512. Utakapoanza kuweka vitu, vya kwanza huingia vizuri. Nafasi ya kweli ikishajaa, flashi huendelea kukuonyesha majina ya faili huku yaliyomo yakitupwa, au yakiandikwa juu ya yale ya mwanzo. Nyingine hazikupi onyo lolote. Unagundua siku unapokihitaji kitu chako.

Wenzetu wanaolima vitunguu kule Mang'ola wanajua uchungu wa lumbesa, gunia linaloongezewa kilemba ili mkulima apunjwe. Flashi ya namna hii humpunja mnunuzi, kama gunia lililopangwa vitunguu vizuri juu na kujazwa maganda chini. Kitabu cha Mithali kinatufundisha kwamba Mungu huchukizwa na mizani ya hila, nayo namba ya uongo ndani ya flashi ni mizani ya hila ya siku zetu.

Wala si flashi ndogo peke yake. Mwaka 2022 mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta alinunua kwa njia ya intaneti diski ya bei ndogo sana iliyodaiwa kuwa ya TB 30, yaani GB 30,000. Alipoifungua alikuta memori kadi 2 ndogo zimebandikwa kwa gundi. Kwa hiyo mama wa Karatu aliyedanganywa asijione mjinga, maana hata katika nchi zilizoendelea bidhaa hizi zinauzwa.

KIBEBEO NA JOKOFU

Sisi wauguzi tunapokwenda kuchanja watoto vijijini, hubeba chanjo katika kibebeo chenye barafu. Kibebeo ni kitu chema, bila hicho chanjo haifiki Endabash. Lakini hakuna muuguzi anayeiacha chanjo ndani ya kibebeo mwezi mzima. Jioni iliyobaki hurudishwa kwenye jokofu.

Flashi ni kibebeo. Ilitengenezwa ili kuhamisha vitu kutoka hapa kwenda pale. Flashi zilipoanza kuuzwa mwaka 2000 zilibeba kama MB 8, ambazo hazitoshi hata nyimbo 3. Leo zinabeba maelfu ya picha, na kwa sababu hiyo tumeanza kuzifanya ghala. Flashi huhifadhi vitu kwa chaji ndogo sana za umeme zilizofungiwa ndani yake. Chaji hizo huweza kuvuja polepole flashi ikikaa miaka mingi bila kuchomekwa, na joto huharakisha jambo hilo. Vilevile kila sehemu ya flashi huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi. Aghalabu flashi ikifa hufa ghafla, leo inafungua na kesho haionekani.

Hadi diski ya nje hufaa zaidi kwa kutunza vitu vingi kwa bei nafuu. Ndani yake mna visahani vinavyozunguka kwa kasi, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko punje ya vumbi. Kwa hiyo adui yake mkubwa ni kuanguka, hasa ikiwa inafanya kazi. Mtoto akivuta waya na diski ikaanguka sakafuni, huenda huo ukawa mwisho wake. Ipo aina nyingine iitwayo SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hiyo huvumilia mtikisiko na ni nyepesi, lakini kwa nafasi ile ile bei yake ni kubwa zaidi. Kwa familia ya kawaida inayoiweka diski kabatini, ile ya visahani inatosha.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba kipo chombo kisichokufa. Huku kwetu Ngorongoro, kule Laetoli, ziko nyayo za watu wa kale zilizokanyagwa katika majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Mama Mary Leakey na wenzake walizipata mwaka 1978. Nyayo hizo zimo katika mwamba, lakini wataalamu hawakuziacha wazi. Walizifukia tena ili mvua na mizizi visiziharibu, na nakala yake ikawekwa katika jumba la makumbusho la Oldupai ili watu waione. Ikiwa hata jiwe la miaka mingi hivyo limehitaji ulinzi na nakala, je, si zaidi sauti ya mama yetu iliyomo ndani ya kipande cha plastiki?

TUNUNUE IPI?

Haya ndiyo tuliyojifunza, nasi tunayaweka kwa utaratibu ili hata mama asiye na ujuzi wa kompyuta aweze kuyafuata.

1. Pima kwanza unachotaka kutunza. Picha moja ya simu ni kama MB 4, kwa hiyo flashi ya GB 32 inatosha picha 7,000 hivi. Saa moja ya sauti mara nyingi haifiki MB 60. Jumamosi zote 6 za Bibi zisingefika hata nusu ya GB 1, zingeweza kuingia katika flashi ndogo kuliko zote dukani. Kinachokula nafasi ni video. Saa moja ya video nzuri ya simu huweza kula GB 7 au 8. Kwa vyeti, sauti na picha, GB 32 au 64 inatosha. Kwa video za miaka mingi, nunua hadi diski ya TB 1.

2. Fanya hesabu ya bei kwa kila GB. Tunatoa mfano wa kujifunzia tu. Tuseme duka linauza flashi ya GB 32 kwa shilingi 15,000, hiyo ni kama shilingi 470 kwa GB moja. Ya GB 64 kwa shilingi 24,000 ni shilingi 375 kwa GB moja. Ni kawaida kubwa kuwa nafuu kidogo. Lakini mtu akikupa GB 512 kwa shilingi 12,000, GB moja imekuwa shilingi 23. Hakuna mfanyabiashara anayeweza kupunguza kiasi hicho na bado akala. Kabla ya kununua, uliza bei ya ukubwa ule ule katika maduka 3. Moja likiwa chini sana kuliko mengine, usishangilie, ondoka.

3. Nunua dukani penye mlango, nawe udai risiti ya EFD. Mnada wetu ni mzuri kwa mbuzi, mahindi na mitumba, kwa sababu mbuzi unamwona na mahindi unayapima. Flashi huwezi kuipima kwa macho. Muulize mwenye duka waziwazi, "Nikiijaribu nikakuta nafasi si kamili, utanirudishia fedha?" Mwaminifu atakubali. Mwingine ataanza kuzungumza habari nyingine. Ukikuta umeuziwa kitu bandia, Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia nchini kwetu. Risiti yako ndiyo ushahidi wako.

4. Chagua watengenezaji wanaojulikana. Kwa flashi, SanDisk, Kingston na Transcend wana sifa nzuri. Kwa hadi diski, wako Seagate, Toshiba na Western Digital, ambayo huandikwa WD. Tazama kama pakiti ina dhamana na ni ya miaka mingapi. Lakini angalieni, jina zuri linaweza kubandikwa juu ya kitu kibovu. Maandishi yaliyokosewa, rangi iliyofifia na pakiti iliyokwisha kufunguliwa ni dalili mbaya. Jina linasaidia, lakini haliondoi kazi ya kujaribu.

5. Usishtuke namba ikipungua kidogo. Flashi ya kweli ya GB 32 kwenye kompyuta huonyesha kama GB 29, na diski ya TB 1 huonyesha kama GB 931. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu moja moja, na kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024.

6. Tazama itachomekwa wapi. Simu nyingi za siku hizi zina mlango mdogo wa USB ya Aina C. Zipo flashi zenye ncha 2, moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Hizo humfaa sana mama asiye na kompyuta, kwani anaweza kunakili picha kutoka kwenye simu yake bila kupita kwa mtu. Ikiwa utatazamia kwenye televisheni, jua kwamba flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 husomwa na televisheni nyingi, ila haipokei faili moja linalozidi GB 4. Mtindo wa exFAT hupokea faili kubwa, lakini baadhi ya televisheni za zamani haziusomi.

IJARIBU KABLA YA KUIAMINI

Kama tungelifanya jambo hili moja, Jumamosi zote za Bibi zingekuwapo. Flashi mpya ijaribiwe ikiwa tupu, kabla ya kuwekewa kitu chochote cha thamani. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw kwa kompyuta za Windows, na nyingine iitwayo F3 kwa kompyuta za Linux na Mac. Programu hizo huijaza flashi yote, kisha husoma kila kilichoandikwa na kukuambia kama kimerudi kamili. Flashi ndogo huchukua muda mfupi. Diski kubwa huweza kuchukua siku nzima, lakini siku moja ya kusubiri si kitu.

Ukikosa programu, mwombe kijana wako anakili video kubwa mara nyingi mpaka flashi ijae, kisha afungue zile za kwanza, za katikati na za mwisho. Kusoma orodha ya majina hakutoshi. Sisi tulisoma orodha. Ukifika mwisho zote zinacheza tangu mwanzo hadi mwisho, futa za majaribio, kisha weka vitu vyako.

KUITUNZA NYUMBANI

Kijana wa mwenzetu mmoja ni dereva wa watalii. Alitueleza kwamba wageni wapiga picha, wakirudi lodgini jioni kutoka kreta, hawalali kabla ya kunakili picha za siku hiyo mahali 2. Diski moja huiweka katika begi kubwa na nyingine huibeba mwilini, ili begi likipotea picha zisipotee. Watu wale wana vyombo vya bei kubwa sana, lakini hawaamini chombo kimoja. Sisi wenye chombo cha shilingi 15,000 tuliamini kimoja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni nakala 2 au zaidi, katika nyumba 2. Flashi 2 za GB 32 zilizo za kweli ni bora kuliko moja ya GB 512 isiyojulikana. Moja ikae kwako, nyingine kwa dada yako au mama mkwe, ili moto, mwizi au mafuriko visichukue zote. Usifute kwenye simu mpaka nakala ya pili iwepo na umeifungua kwa macho yako. Picha chache mnazozipenda zaidi, zichapisheni kwenye karatasi. Karatasi haihitaji umeme.

Kanuni ya pili ni kuchomoa kwa adabu. Ibonyeze kompyuta iiachilie flashi kwanza, ndipo uivute. Kuivuta ikiwa bado inaandika huharibu faili. Umeme wetu ukiwa unakatika mara kwa mara, hadi diski itumike kwenye laptopu yenye chaji, ili ikikatika laptopu iendelee.

Kanuni ya tatu ni kuogopa stesheneri kama tunavyoogopa sindano isiyochemshwa. Kompyuta inayochomekwa flashi za watu 50 kwa siku huambukiza virusi. Virusi vya aina moja huficha folda zako na kukuachia vialama vitupu, ukadhani vimefutwa. Ukienda kuchapisha barua, nenda na flashi ndogo yenye barua hiyo tu. Flashi ya kumbukumbu za nyumba haiendi stesheneri.

Kanuni ya nne ni mahali pakavu pasipo joto. Kiangazi vumbi letu jekundu hupenya kila kitu, na ndani ya gari lililoachwa juani mna joto kali. Ifunge katika kitambaa, uiweke katika kopo lenye kifuniko, uandike juu yake jina na mwaka. Mara moja kwa mwaka ichomeke na ufungue vitu vyake kadhaa. Sisi tumechagua Jumamosi ya kabla ya Majilio, tunapofanya usafi wa nyumba. Chombo kikifika miaka 5, nunua kingine unakili, bila kungoja kife.

Kanuni ya tano ni siri. Flashi ya kawaida haina kufuli, anayeiokota huisoma yote. Namba za siri za benki na simu zisiwekwe humo. Wenzetu mnaofanya kazi katika zahanati, shule na ofisi za kanisa, msichukue habari za watu nyumbani katika flashi zenu. Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kabla ya sheria hiyo tulikuwa na amri ya upendo. Kadhalika hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa zisikae katika flashi ya mtu mmoja. Mweka hazina awe na nakala, katibu awe na nakala, na daftari la mkono liendelee kuandikwa.

NENO LA MWISHO

Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza yachukuliwe mawe 12 kutoka mtoni, ili watoto watakapouliza maana yake siku zijazo, wazazi wawasimulie matendo ya Mungu. Watoto wetu nao watauliza. Wataomba kuiona sura ya babu na kuisikia sauti ya bibi. Kuweka jiwe mahali litakapoonekana ni sehemu ya malezi, sawa na kufundisha sala.

Mungu ni mwenye rehema. Wiki chache baada ya mazishi tulikumbuka kwamba Jumamosi ya tano tulimtumia mjukuu wake aliyeko Dodoma kipande kidogo kwa WhatsApp, kwa furaha tu, bila kufikiri habari za nakala. Alikuwa hajakifuta. Ni dakika 3, Bibi anaimba kwa Kiiraqw huku akipepeta mahindi, na ungo unasikika. Kwa michango yetu tulinunua hadi diski ya TB 1, tukaijaribu siku nzima, tukaweka humo Jumamosi 2 na dakika 3. Nakala moja iko katika ofisi ya usharika, nyingine kwa binti yake mkubwa.

Tulipompelekea ile nakala alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya meza. Wimbo ulipokwisha alituomba tuurudie, kisha akawaita watoto waliokuwa wakicheza nje. Sasa tumeanza kuwatembelea wazee wengine 3. Simu ikijaa hatufuti kitu mpaka nakala 2 zimefunguliwa na kusikilizwa hadi mwisho.

Mama mpendwa, huenda nyumbani kwako yupo mzee mmoja ambaye sauti yake bado haijatunzwa. Jumamosi hii nenda kwake na mkate. Bwana awabariki na kuzilinda nyumba zenu. Tukutane tena mwezi ujao.